Shangazi wa Bibi Harusi

Jumamosi, 5 Julai

Luseane anaolewa! Wifi yangu 'Eseta ameingia asubuhi na habari hiyo bila hata hodi, akaketi juu ya magome yetu mabichi kana kwamba ni kochi la sebuleni. Tukamfukuza. Akahamia juu ya mengine. Harusi ni tarehe thelathini Agosti, na mimi ndiye dada pekee wa baba wa bibi harusi, kwa hiyo nafasi ya juu ni yangu. Baba mwenyewe hukaa chini ya shangazi. Harusi haifunguliwi bila shangazi, na bibi harusi aliyenuniwa na shangazi yake huangaliwa tumbo na wakwe kwa wasiwasi miaka na miaka, maana laana ya shangazi hufunga uzazi.

"Kwa hiyo wifi, usiugue," 'Eseta akasema. "Ukitaka kuugua subiri Septemba."

"Na ngatu anatengeneza nani?"

"Nani mwingine? Nyinyi wawili. Nataka ndefu, itoke mlango wa kanisa ifike barabarani."

Kalo akaweka nyundo chini. "Wewe 'Eseta, unaoza binti au unajenga uwanja wa ndege?"

Kalo ni Kalolaine, mtu wangu. Tunaishi pamoja tangu Luseane alipokuwa anatambaa. Kijiji hutuita "wale wa nyundo", kwa kuwa tunaponda magome na kuyaunganisha kuwa ngatu, na hapa kisiwani 'Eua, Tonga, hakuna ndoa wala mazishi bila kitambaa hicho. Hakuna aliyewahi kutuuliza zaidi ya hapo, nasi hatujawahi kumweleza mtu.

Kaka Sosaia, baba wa Luseane, naye ameleta kikapu chake cha Jumamosi, viazi vikuu na majimbi. Amekiweka kwenye tangi la maji, akakohoa ili nijue, akaondoka. Mimi hutoka nikisikia lango limefungwa. Tangu tulipobalehe hatujakaa chumba kimoja, ndivyo kaka na dada walivyo kwetu. Kicheko chake nakijua kwa kukisikia ng'ambo ya ua tu.

Jumanne, 8 Julai

Mvua. Magome hayakauki. Kalo ameyanunia mawingu kama vile yamemtukana.

Alhamisi, 10 Julai

Natete ametuletea mgeni. Natete ni leiti wetu. Alizaliwa mvulana, akachagua sketi kabla hajajua kusoma, na leo ndiye anayesuka vichwa vya kijiji kizima, pamoja na cha mke wa mchungaji. Mgeni anaitwa Daktari Moana, mtoto wa Kitonga aliyekulia Sydney. Anaandika kitabu juu ya wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, kisiwa baada ya kisiwa. Ameshapita Samoa na Fiji.

"Nimemwambia mimi peke yangu natosha kitabu kizima," Natete akasema. "Eti hapana, anataka na wanawake."

"Wanawake gani?" nikauliza, uso mkavu.

Natete akamwangalia Kalo, akaniangalia mimi, akaangalia dari. "Sijui, dada yangu. Mimi naonekana toka bandarini. Wengine mpaka uonyeshwe."

Kalo akaenda kuchemsha chai kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Mgeni akakaa kwa adabu, miguu ameikunja vizuri. Anazungumza Kitonga cha kanisani, cha bibi yake. Sikumpenda. Anaviangalia vyombo vyetu kwa upole fulani wa mtu aliyekuja kutazama wagonjwa.

Jumamosi, 12 Julai

Kikapu. Kikohozi. Lango.

Ijumaa, 18 Julai

Moana huja kila mchana na tumempa nyundo. Anaponda vibaya, gome linatoboka, Kalo anaweka viraka na kusema "vizuri sana". Kwangu Kalo hajawahi kusema vizuri sana.

Leo ameniuliza sisi tunajiitaje.

"Telesia na Kalolaine," nikamjibu.

"Nauliza kama mna jina la mlivyo, mama."

"Hilo ndilo."

"Na watu wanajua?"

"Wote."

"Nani amesema?"

"Hakuna."

Akaponda kidogo. Kisha akasema, "Hiyo haikupi upweke?"

Nikamwambia gome linakauka, apige. Lakini swali likanifuata mpaka jikoni, nikaunguza tui. Miaka yote hii nimeuona ukimya wa kijiji kama paa. Sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuchoka kukaa chini ya paa hilo.

Kabla ya kuondoka ameomba tuketi naye rasmi, azungumze na sisi wawili na chombo chake cha kurekodi. Anasema chuo kinadai ridhaa kwanza. Nikamwambia nitafikiri. Kalo akaniangalia, na nilimjua, yeye alitaka.

Jumatano, 23 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Moana amekuja anatabasamu, amevaa mkeka wa kiunoni kama anakwenda ibadani. "Mama Telesia, nimefanya kwa njia ya heshima," akasema. "Sikutaka kukuzunguka. Nimekwenda kwa mkuu wa familia kuomba ruhusa."

"Mkuu gani?"

"Kaka yako. Mzee Sosaia."

Kalo alikuwa anakoroga gundi. Akaacha.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemweleza utafiti wote. Kwamba naomba kuzungumza na dada yake juu ya maisha yake na Kalolaine. Juu ya mapenzi yao."

"Umemwambia neno hilo? Mapenzi?"

"Nilisema kwa heshima, mama. Nilitumia lugha ya juu."

Nilisimama nikaketi, nikasimama tena. Nilitaka kumpiga na nyundo, Mungu anisamehe. "Mtoto wewe! Redio ikicheza wimbo wa mahaba nami niko uani kwake, kaka yangu huizima! Sinema ya uwanjani ikionyesha watu wakibusiana, mmoja wetu huondoka! Kaka hasemeshwi mapenzi ya dada yake, hata kama dada ameolewa na askofu! Bibi yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha kaka na dada wasilale nyumba moja," akasema, midomo imemkauka. "Nilidhani ni hilo tu. Kwenye fomu wameandika mkuu wa kaya…"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Aliinuka. Akachukua panga lake akaenda shamba."

Hapo hasira ikanitoka, ikaingia hofu. Nyumba hii imesimama kwenye kiwanja cha Sosaia. Mwanamke hapa harithi ardhi. Nakaa kwa sababu yeye ni kaka na mimi ni dada, na kwa sababu kuna jambo ambalo yeye hajawahi kuambiwa. Kulijua alilijua, si kipofu. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Aliyeambiwa lazima afanye jambo.

Moana alilia. Kalo ndiye aliyempa kitambaa. Mimi nilimwambia aende, na asikanyage kwa kaka yangu kuomba radhi, maana kuomba radhi ni kulisema tena.

Alhamisi, 24 Julai

Mvua mchana kutwa. Hatujaponda.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekaa karibu na dirisha toka asubuhi. Kikapu hakijaja.

Kalo akasema labda ni mvua. Mvua haijawahi kumzuia Sosaia. Mwaka wa kimbunga alileta kikapu akiwa amefunga mabati kwa kamba mgongoni.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani hakuwapo. 'Eseta aliketi mbele sana, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumamosi, 2 Agosti

Hakuna kikapu.

Jumanne, 5 Agosti

Natete amepita kutusuka, bure, kwa kutuonea huruma. Anasema Sosaia amehamia kwenye kibanda cha shambani na harudi nyumbani ila kwa kubadili shati. Anasema kijijini wanajiuliza ugomvi ni wa nini.

"Na daktari wako?" nikamuuliza kwa ukali.

"Yuko kwangu. Hali kitu. Nimempa majani ya majimbi yenye tui na nyama ya kopo, vya Jumapili kabisa, amevitazama tu. Dada, mimi nimezomewa na wavulana, nimerushiwa maembe mabovu, na sijawahi kulia hivyo."

"Alie."

"Ukali huo usimpige nao mtoto wa watu, pigia magome. Ngatu bado fupi."

Ni kweli. Ngatu bado fupi. Tumeponda mpaka mikono ikafa ganzi. Tulikuwa tunatengeneza kitambaa cha harusi ambayo sikujua kama nitaalikwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuna kikapu. Nimekula mikate ya dukani kama mtu asiye na ndugu.

Jioni Kalo ametoa sanduku lake chini ya kitanda. Alifanya taratibu, kana kwamba anapanga nguo za msimu.

"Unafanya nini?"

"Nitarudi kwetu Ha'apai kwa dada yangu. Mpaka harusi ipite."

"Na ikishapita?"

Akakunja ile blauzi ya buluu, akaikunjua, akaikunja tena. "Tele, wewe ni shangazi wa mtoto yule. Ukikosa nafasi yako kwa ajili yangu utanichukia. Hutasema, lakini kila tukisikia kengele ya harusi utanichukia kidogo."

"Nani kakwambia?"

"Nakujua."

Nikamwambia ukweli, maana sikuwa na kingine cha kumwambia. Nikamwambia naogopa kupoteza nyumba, naogopa kupoteza nafasi ya shangazi, naogopa macho ya watu, na vyote hivyo nikivifunga fungu moja bado ni vyepesi kuliko sanduku lile. Nikasema kama ni kwenda Ha'apai tutakwenda wote, na dada yake atuvumilie na magome yetu. Kalo akalia. Mimi nilishalia kabla yake. Sanduku limebaki wazi sakafuni, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulirudisha.

Jumanne, 12 Agosti

Nacheka peke yangu, Kalo anadhani nimepata homa.

'Eseta amekuja leo. Safari hii alipiga hodi, nikajua mambo ni mazito. Akasimama mlangoni na kuzungusha mwavuli.

"Wifi, nimetumwa na sijatumwa," akasema. "Nataka kukuuliza jambo moja, unijibu kama mwanamke mwenzangu. Utakuja kwenye harusi?"

"Nitakuja vipi na kaka amenikataa?"

'Eseta akafunga mwavuli. "Amekukataa nani?"

"Sosaia."

"Sosaia?" Akaketi, safari hii hata hakutazama anakalia nini. "Wifi, mume wangu hali, halali, amekonda kama ufito. Anasema amesikia kuhusu dada yake jambo lisilo halali kwa masikio ya kaka. Anasema wewe lazima unadhani yeye ndiye aliyekaa akikujadili na wageni. Anasema umemkasirikia na hutakuja, na mtoto wetu ataolewa na laana ya shangazi!"

"Mimi?"

"Wewe! Anakuogopa wewe kuliko kimbunga."

"Na vikapu je? Amenikatia chakula!"

"Ooh, usinitajie vikapu!" 'Eseta akainua mikono. "Kila Jumamosi anafunga kikapu, anakibeba gizani kabla ya alfajiri mpaka langoni kwako, anasimama, anarudi nacho. Vimejaa varandani kwangu. Viazi vya kwanza vimeanza kuota. Nitakanyaga wapi mimi?"

Kalo aliangua kicheko kwanza, kisha 'Eseta, kisha mimi, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kicheko nilihisi kifua kimefunguka mahali ambapo kilikuwa kimefungwa toka Julai. Ameniogopa! Kaka yangu mkubwa, mwenye mikono kama makasia, amejificha shambani kwa kuniogopa mimi, na mimi nimejificha nyumbani kwa kumwogopa yeye.

Nilimuuliza 'Eseta nani alimwambia aje. Akasema ni yule daktari. Safari hii alimwendea 'Eseta, si Sosaia, akasaidia kumenya muhogo mchana mzima bila kuuliza swali, na mwisho akasema tu, "Mama, dada yake mume wako anakula mikate ya dukani." Kumbe mtoto anafundishika.

Alhamisi, 14 Agosti

Jua la kwanza la kweli. Tulikuwa tumetandaza ngatu uani, Kalo akaniita kwa sauti ya ajabu.

Sosaia alikuwa ameketi chini nje ya lango, kwenye matope. Amejifunga mkeka mkuukuu uliochanika na shingoni amevaa majani ya ifi, kama anayeomba asamehewe na mfalme. 'Eseta kasimama nyuma yake, na nyuma ya 'Eseta gari lenye vikapu vile vitatu.

Nilibaki ndani, nyuma ya pazia. Si haki nimsogelee, na yeye hakuinua macho. Majirani wote walikuwa wametoka, wanajifanya wanafagia.

'Eseta akazungumza kwa niaba yake, kwa sauti ya kusikika. "Anasema masikio yake yaliguswa na kitu kisicho chake. Anasema hakukiita na hakukijibu. Anasema nyumba hii ni ya dada yake na watu wake, leo na siku zote, na anayetaka kuiondoa aanze kumwondoa yeye. Anaomba shangazi asimnunie mtoto."

Nikamwambia Kalo aende. Yeye akanong'ona, "Mimi?" Nikamwambia, nani mwingine, mimi siruhusiwi kumgusa kichwa. Akafuta mikono yenye gundi kwenye sketi, akatoka. Alipofika mbele ya kaka yangu alisimama kama amesahau alichotumwa, na Sosaia, mtu mzima yule, akainamisha kichwa chini kabisa ili amfikie vizuri. Kalo akamvua majani, ndiyo kusema amesamehewa.

Kisha Kalo akamkaribisha chai, na 'Eseta akamkumbusha kwamba hawezi kuingia ndani nikiwamo, na Sosaia akanywa chai yake palepale matopeni, akaomba na sukari zaidi. Mimi nilikunywa yangu nyuma ya pazia. Nilimsikia akicheka na Kalo juu ya viazi vilivyoota. Kicheko chake kimekuwa kama cha marehemu baba.

Jumatano, 20 Agosti

Moana amekuja na chombo chake cha kurekodi. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimsamehe toka ule muhogo, ila sikumwambia mpaka alipoponda gome zima bila kulitoboa.

Kalo alizungumza kuliko mimi. Sikujua ana maneno mengi hivyo. Aliposema alivyoniona kwa mara ya kwanza kwenye meli ya Ha'apai nikitapika, ilibidi nitoke nje.

Mwishoni Moana akauliza tena lile la upweke, kwa woga. Nikamjibu ndiyo. Kuna siku ukimya wa watu unakutunza, na kuna siku unatamani mtu mmoja tu aseme, basi, hata kwa kukosea. Nilipomaliza kusema hivyo nilishangaa, maana hata Kalo nilikuwa sijamwambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Kikapu. Kikohozi. Halafu kikohozi cha pili, cha mzaha. Nikakohoa na mimi.

Jumamosi, 30 Agosti

Ngatu imefika barabarani, na kipande kimebaki. 'Eseta anazunguka akiwaambia watu alijua tangu mwanzo.

Luseane alipendeza mno, amepakwa mafuta mabegani mpaka anang'aa. Nilipelekwa juu, nikaketishwa peke yangu kwenye mikeka mbele ya wote, na ngatu ya kwanza ikatandikwa miguuni pangu. Kalo alikuwa nyuma kule na wanawake wa jikoni, ndipo anapokaa siku zote kwenye sherehe zetu. Nilimtafuta kwa macho nikamwona mkono tu, unafukuza nzi kwenye nguruwe.

Ndipo mke wa mchungaji akaja na sketi yake yote kutaka kuketi karibu nami, kwa kuwa mahali pa heshima pasibaki wazi. Msemaji wa sherehe akasita, akamgeukia baba wa bibi harusi.

Sosaia alikuwa upande wa pili kabisa, chini, ananipa mgongo kama ipasavyo. Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kuita ng'ombe, uwanja mzima ukasikia:

"Hapo pana mtu. Hapo ni pa shemeji yangu, Kalolaine."

Nilisikia moshi wa tanuri ukinipanda puani. Mke wa mchungaji akafungua mdomo, akaufunga, akajishika nywele alizosukwa na Natete. Na Natete, kutoka kwenye meza ya keki, akapiga kelele, "Mālie!" kama vile timu imefunga bao, na wazee wawili watatu wakaitikia, kisha wengi, kisha Luseane mwenyewe akapiga makofi kwa mikono yake yenye mafuta.

Kalo alitoka jikoni anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Wanawake wakamsukuma. Akavuka uwanja na aproni yake, akapita mbele ya kaka yangu, akainama, akapanda, akaketi.

"Amesemaje?" akaninong'oneza.

"Umemsikia."

"Nataka uniambie wewe."

Nikamwambia. Akatazama mbele, ameshika magoti kama mtoto anayepigwa picha ya shule. Kisha akasema, "Tele, jikoni nimeacha nguruwe na nzi."

Nikamwambia leo nzi ni wa watu wengine, na asogee kidogo, amenikalia mkeka.